Dozi ya Matembezi: Kumfundisha Daktari Utengamao wa Mapafu Bila Ukumbi wa Mazoezi

Swali: Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani hapa Malindi. Nimeanza kupokea madaktari wanaosomea ubingwa wa mapafu, wawili wawili, kila jozi kwa wiki nne. Miongoni mwa niliyotakiwa kuwafundisha ni utengamao wa mapafu, yaani programu ya mazoezi na mafunzo ya kumrudishia mgonjwa wa mapafu uwezo wake. Nimeandaa mhadhara wa saa moja, lakini nauona mkavu. Hatuna mashine ya kukimbilia wala ukumbi wa mazoezi, na mtaalamu wa fiziotherapia ni mmoja, kazi zimemzidi. Baadhi ya wagonjwa wetu hutoka Lamu na visiwa vyake. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba wameelewa?

Jibu:

Daktari, huo mhadhara uweke kando kwanza. Hauna kosa, ila unajibu swali ambalo wanafunzi wako hawana. Daktari aliyefika ngazi ya ubingwa anajua tayari kwamba utengamao unasaidia. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 65 na wagonjwa 3,822 wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na wahariri wakaona hakuna haja tena ya kulinganisha utengamao na matibabu ya kawaida. Hiyo ni slaidi moja, imekwisha. Wasichokijua ni dozi. Mwambie mmoja wao amwandikie mgonjwa insulini: ataandika aina, uniti, saa, na lini sukari ipimwe tena. Mwambie amwandikie mgonjwa yuyo huyo mazoezi: ataandika "afanye mazoezi mepesi". Hiyo si dozi, ni dua.

Basi lengo la wiki nne liwe moja: kila daktari aondoke akiweza kuandika, kwa mgonjwa aliyempima kwa mkono wake, kasi, umbali, dakika, mara ngapi kwa wiki, kikomo cha kusimama, na tarehe ya kupandisha. Mengine yote yazunguke hapo.

Kabla hawajafika, tatua suala la kalenda. Programu huchukua wiki 6 hadi 12, na nyingi huenda wiki 8. Wanafunzi wako wana nne. Ukianzisha kundi jipya kila wanapoingia, hakuna atakayeona mgonjwa akimaliza. Pokea wagonjwa kwa mzunguko: kila wiki aingie mmoja au wawili, bila kungoja kundi litimie. Hapo daktari atakuta mgonjwa wa wiki ya kwanza, wa nne na wa saba. Atampima mgeni, atampandishia dozi aliyeanzishwa na mwenzake, na atafanya kipimo cha mwisho cha mtu ambaye hakumwona mwanzo. Hapo ndipo atakapoonja ubaya wa kumbukumbu zilizoandikwa ovyo, na ladha hiyo inafundisha kuliko maneno yako.

La pili ni huyo mtaalamu wa fiziotherapia. Yeye ndiye mwalimu wa nusu ya kazi hii, na waambie wanafunzi hivyo mbele yake. Wao wafanye vipimo vyote vya mwanzo na vya mwisho, na hilo litamrudishia saa kadhaa kila wiki. Ukimfanya mtu wa kushikilia koni huku madaktari wakijadiliana, umeipoteza programu.

Siku ya kwanza wasimguse mgonjwa. Wapimane wao kwa wao jaribio la matembezi ya dakika sita, kisha wapewe mambo mawili ya kuonja. Kwanza, mrija mwembamba wa soda mdomoni, pua imebanwa, watembee dakika moja halafu wapande ngazi chache. Pili, wavute pumzi mpaka kifua kijae, watoe kidogo tu, kisha waendelee kupumua juu kwa juu bila kushusha zaidi ya hapo, wakiwa wanatembea. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asishiriki, na anayeanza kusikia kizunguzungu autoe mrija mara moja. Nusu dakika ya lile la pili inatosha kumwonyesha kinachompata mgonjwa: njia za hewa zilizobana hutoa hewa polepole, akiharakisha kupumua, muda wa kutoa unapungua, hewa inabakia, kifua kinajaa, na nafasi ya kuvuta inakwisha. Mazoezi hayaondoi huko kubana. Yanabadilisha misuli. Paja lililozoezwa hutoa asidi ya laktiki kidogo zaidi kwa kazi ile ile, mwili unadai pumzi chache, mgonjwa anapumua taratibu zaidi, na hewa inapata muda wa kutoka. Ndiyo maana spirometria, kile kipimo cha kupuliza hewa, hubaki ilivyokuwa ilhali mtu amerudi sokoni kwa miguu. Daktari anayepima mafanikio kwa spirometria atadhani amepoteza wiki nane bure.

Sasa jaribio lenyewe, na hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu dozi yote inatoka humo.

Tafuta njia iliyonyooka ya mita 30, sakafu ngumu na tambarare. Baraza ndefu ya wodi inafaa kuliko uwanja, kwa kuwa ina kivuli. Pima kwa tepu, si kwa hatua, weka alama ya chaki kila mita 3 na koni kila mwisho. Kiti kimoja kiwe mwanzoni, kingine katikati. Kama baraza yenu ina mita 20 tu, itumieni, lakini fahamuni kwamba kugeuka mara nyingi hupunguza umbali. Matokeo yalinganishwe na ya mgonjwa yuyo huyo mahali pale pale, wala msiyapeleke kwenye milinganyo inayokadiria umbali wa watu wenye afya. Pasipokuwa na hata hizo, kuna jaribio la kwenda na kurudi kwa milio, koni mbili zilizoachana mita 9 kwa njia ya mita 10, na kasi inapanda kila dakika. Hilo linahitaji sauti yake maalumu iliyorekodiwa. Mwanafunzi asipige makofi kwa kukisia.

Mgonjwa akae kwenye kiti dakika 10 kabla. Apimwe presha, mapigo na oksijeni, na aulizwe taabu ya pumzi na uchovu wa miguu kwa kipimo cha Borg, kutoka 0 (hakuna taabu) hadi 10 (taabu ya juu kabisa). Aliyepata shambulio la moyo au maumivu ya kifua yasiyotulia ndani ya mwezi mmoja hapimwi. Mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa ametulia, au presha zaidi ya 180 kwa 100, asipimwe kabla hujamwona wewe mwenyewe. Maelekezo ni kutembea umbali mkubwa kadiri awezavyo kwa dakika sita bila kukimbia, na kwamba akichoka anaweza kusimama, ila saa haisimami.

Makosa ya wanafunzi hapa ni yale yale kila mara. La kwanza ni kushangilia. Daktari kijana akimwona mzee anajikaza, ulimi unamtoka: "Twende mzee wangu, twende, bado kidogo!" Maneno yanabadilisha umbali, kwa hivyo yamewekewa kanuni. Kila dakika inapotimia sema sentensi moja kwa sauti ya kawaida: "Unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano." "Endelea hivyo hivyo, zimebaki nne." "Unaendelea vizuri, umefika nusu." Na kadhalika mpaka mwisho. Zibandike ukutani. La pili ni kutembea bega kwa bega na mgonjwa, matokeo yake mgonjwa anafuata kasi ya daktari. Anayebeba oksimeta, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, akae nyuma. La tatu ni kuandika oksijeni ya mwisho badala ya ya chini kabisa. Ikishuka chini ya asilimia 80 jaribio linasimama, na mapumziko yakiirudisha 85 au zaidi anaweza kuendelea.

La nne ndilo zito: kupima mara moja. Jaribio hili lina kujifunza ndani yake. Mara ya pili watu huenda mbali zaidi kwa wastani wa mita 26 hivi, bila kufanya zoezi lolote katikati. Na badiliko dogo kabisa lenye maana kwa mgonjwa ni kama mita 30. Ziweke namba hizo mbili pamoja uone hatari. Anayepima mara moja mwanzoni na mara mbili mwishoni anaweza kujitangazia ushindi ambao ni mazoea tu. Pimeni mara mbili mwanzoni, mkipumzisha dakika 30 katikati, mchukue umbali mkubwa. Mwishoni fanyeni vivyo hivyo.

Kuna mambo ya pwani ambayo mwanafunzi aliyetoka bara hataambiwa na kitabu. Oksimeta na hina ni la kwanza. Hina nyekundu haisumbui sana, lakini piko jeusi kwenye vidole hupotosha namba au huifanya isisomeke kabisa; hamieni kwenye ndewe ya sikio, kwa kifaa kilichotengenezwa kwa sikio. Wakumbushe pia kwamba kwenye ngozi nyeusi oksimeta huwa na tabia ya kusoma juu kuliko ukweli, kwa hivyo 90 ya mgonjwa anayetweta na midomo iliyobadilika rangi isiwatulize. La pili ni viatu: kandambili huteleza kwenye vigae, na makubadhi mapya yanachubua. Aje na viatu vile vile atakavyorudi navyo siku ya mwisho, na muandike ni vipi. Mama aliyevaa buibui refu mwache ageuke kwa duara pana kwenye koni, na apimwe na mwanamke akipenda. La tatu ni saa. Februari na Machi, mchana wa Malindi unamchosha hata mzima. Pimeni kabla ya saa tatu asubuhi, na cha mwisho kipimwe saa ile ile. Mkiona tarehe za Ramadhani zinakata katikati ya wiki nane, anzeni mapema au baada ya Idi kwa anayefunga, au mhamishieni mazoezi baada ya kufuturu.

Na kuna neno "nimechoka". Mgonjwa akilisema, mwanafunzi huandika Borg 7 na kufunga faili. Kimechoka nini? Inaweza kuwa pumzi, mapaja, kizunguzungu, au amechoshwa na maswali. Wafundishe kuuliza mara mbili: "Pumzi ikoje?" kisha "Miguu ikoje?" Majibu hayo mawili yanaamua dozi. Aliyesimamishwa na miguu anahitaji uzito wa mapaja kuliko matembezi zaidi, na wa namna hii ni wengi, hasa waliokula prednisolone, dawa ya steroidi inayodhoofisha misuli, miezi kadhaa au waliokonda. Naye anayesimamishwa na pumzi kabla miguu haijahisi kitu atafaidika na vipindi vifupi vifupi.

Baada ya hapo, hesabu. Tuseme mzee ametembea mita 360 bila kusimama. Gawanya kwa 6: mita 60 kwa dakika. Kasi ya kuanzia ni asilimia 80 ya hiyo, yaani mita 48 kwa dakika. Kwa dakika 10 ni mita 480, ambazo kwenye njia yenu ya mita 30 ni kwenda mara 16, kila mara kwa sekunde 37 au 38. Msindikizaji ashike stopwachi ya simu. Lengo ni pumzi ifike Borg 4 hadi 6. Ikiwa chini ya 4 dozi ni ndogo, hata kama hesabu inasema imetosha. Ikipita 6 mapema, gawanya vipande. Ongeza dakika kwanza, 10, 15, 20, hadi 30, ndipo uguse kasi. Mara tatu kwa wiki, angalau mbili zikiwa chini ya macho yenu.

Waandikishe hesabu hii kwa kalamu, wagonjwa watano watano, mpaka wasiulize. Halafu wape mtego: mgonjwa aliyepata mita 240 lakini alisimama dakika mbili nzima. Mwanafunzi atagawanya kwa 6 apate 40, aandike 32 kwa dakika. Kumbe alipokuwa akitembea alikuwa akienda 60 kwa dakika, kwa dakika nne tu. Huyu hafai kuandikiwa mwendo wa kobe wa dakika 10. Muandikie dakika moja ya kutembea kwa kasi karibu na yake, dakika moja ya kupumzika, mara kumi, na upunguze mapumziko wiki hadi wiki.

Oksijeni wakati wa mazoezi, programu nyingi huitaka isishuke chini ya 88. Ikishuka: simama, keti, vipindi vifupi, kisha oksijeni kama ipo. Kutokuwa na mtungi si sababu ya kumnyima mgonjwa programu nzima, lakini ni sababu ya kumweka karibu na macho.

Uzito ni rahisi kuliko wanavyodhani. Kifuko cha kitambaa kigumu, mchanga mkavu, mizani ya dukani: tengenezeni vya kilo 1, 2 na 3, vya kufunga kifundoni. Msikadirie kwa ujazo, kwa sababu lita moja ya mchanga mkavu ina kama kilo moja na nusu. Kwa mikono, chupa ya maji ya lita 1.5 ni kilo moja na nusu, na dumu la lita 5 ni kilo tano. Dozi: uzito anaoweza kuuinua mara 8 hadi 12, kisha akashindwa kuendelea kwa namna nzuri; seti moja hadi tatu, siku mbili au tatu kwa wiki. Akifika 12 bila taabu vipindi viwili mfululizo, ongeza. Kuketi na kusimama kunataka kiti cha kimo cha sentimita 45 hivi, kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani. Kile cha plastiki cha harusini kinateleza, na anayeanguka siku ya kwanza harudi. Hesabu ya kuketi na kusimama kwa dakika moja ni kipimo kizuri pia kwa mgonjwa mnayemfuata kwao. Tofauti ya mara tatu ina maana.

Kupumua kwa midomo iliyobinywa wanafunzi hufundisha vibaya kwa sababu ya mfano. Wakimwambia mama wa Malindi "puliza kama unapuliza mkaa", atapuliza kweli, kwa nguvu, mashavu yamefura, na kifua kitabana zaidi. Mfano uwe kupoza chai: taratibu, ndefu, bila kulazimisha. Kwenye ngazi za nyumba za mawe za Lamu, ambazo ni kali na nyembamba, anatoa pumzi anapopanda vidaraja viwili, anavuta akisimama au kwenye kimoja. Kuinama ni vivyo hivyo: toa pumzi unaposhuka. Wengi wa wazee watakwambia kinachowaumiza zaidi si soko, ni sijida. Hilo lifanywe lengo lililoandikwa kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe, kando ya mita. Na dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa ipigwe dakika 15 hivi kabla ya zoezi, mbele ya mwanafunzi, aone inavyopigwa hewani badala ya mdomoni. Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni inafaa kama kasha la kuvutia dawa.

Kwa upande wa wagonjwa, usiwaache wanafunzi waamini kuwa hii ni huduma ya wavuta sigara wa Ulaya. Wengi watakaokuja kwenu ni waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yenye makovu, na walioishi miaka na moshi wa kuni. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilifanya programu ya wiki sita, vipindi viwili kwa wiki, kwa watu waliobaki na ugonjwa wa mapafu baada ya kifua kikuu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: walitembea mbali zaidi. Vifaa vyao havikuwa vya ajabu.

Lakini kwa hawa kuna kanuni mbili. Ya kwanza, kabla ya kumweka kwenye kundi, hakikisha haambukizi. Mwanafunzi atakimbilia GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu. Mkumbushe kwamba kipimo hicho huokota vinasaba vya vijidudu vilivyokufa, na kwa aliyetibiwa karibuni kinaweza kusema ndiyo ilhali ugonjwa umekwisha. Kupima makohozi kwa hadubini na kuyaotesha maabara ndivyo vya kuamulia, pamoja na picha na dalili. Mazoezi yafanyike nje au barazani penye upepo kwa hali yoyote. Ya pili, akitema damu, mazoezi yanasimama siku hiyo hiyo mpaka aonwe. Mwenye makohozi mengi afundishwe kusafisha kifua kabla ya kutembea: kupumua kwa utulivu, pumzi ndefu tatu au nne akizishika sekunde tatu, kisha kutoa pumzi kwa nguvu koo likiwa wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo cha miwani ili akifute. Mara moja au mbili, arudi kwenye utulivu. Wanafunzi huruka huo utulivu wa mwisho, na mgonjwa wa njia zinazobana anaishia kifua kikipiga miluzi.

Sasa hao wa visiwani. Mtu wa Faza au Kizingitini hawezi kuja Malindi mara mbili kwa wiki, na hata kufika mji wa Lamu kunategemea boti, nauli na maji kujaa. Usimwandikie kitu asichoweza. Melbourne walijaribu programu ya nyumbani ya wiki nane, kwa ziara moja na simu saba, moja kila wiki, na mwisho wa programu umbali wa matembezi haukuwa nyuma ya wale waliokwenda kituoni. Baada ya mwaka, pande zote mbili zilikuwa zimepoteza sehemu ya faida, jambo ambalo wanafunzi wanapaswa kulijua. Kwenu, ziara iwe ya kituoni: siku mbili za vipimo, dozi, na kufanya zoezi lote mbele yenu, kisha simu saba. Simu si ya "u hali gani?" tu. Ina maswali manne: ulitembea siku ngapi, dakika ngapi, pumzi ilifika ngapi, nini kilikuzuia. Kisha dozi mpya inatajwa na kurudiwa na mgonjwa. Wapeni wanafunzi kila mmoja simu mbili au tatu kwa wiki, wewe ukisikiliza ya kwanza. Wajifunze kuamkia kwanza. Mzee aliyepigiwa simu na kijana asiyesema shikamoo atajibu "alhamdulillahi" kwa kila swali. Na wamuulize anatembea wapi. Mita 48 kwa dakika kwenye mchanga mkavu wa ufuo hula nguvu zaidi ya maradufu ya sakafu ngumu. Atembee mchanga mgumu maji yanapopwa, au barabara ya pwani ya mji alfajiri kabla punda na mizigo hawajajaa.

Slaidi moja zaidi unayoweza kuibakiza: huko Marekani, kati ya wagonjwa 197,376 wa bima ya wazee waliolazwa kwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa mwaka 2014, walioanza utengamao ndani ya siku 90 hawakufika wawili kwa kila mia. Hawakukosa kumbi. Kwa hiyo fanya fomu ya rufaa iwe sehemu ya karatasi ya kuruhusiwa wodini, na mwanafunzi wa zamu aijaze kabla mgonjwa hajaondoka, ili aanze ndani ya wiki nne.

Kujua kama wameelewa: mtihani wa kuandika hautakuambia. Wiki ya kwanza mwangalie akiendesha jaribio zima, wewe ukiwa kimya na karatasi ya mambo kumi: kuketi kabla, Borg mbili, maelekezo, sentensi za kanuni, kukaa nyuma, oksijeni ya chini kabisa, mapumziko yaliyoandikwa, umbali wa mwisho kwa mita na si kwa raundi, Borg mbili tena, jaribio la pili. Akikosa mbili au zaidi, arudie. Wiki ya pili na ya tatu aandike dozi, na mtaalamu wa fiziotherapia, si wewe, aamue kama angeweza kuitekeleza bila kumpigia simu kumuuliza. Mfano wa inayokubalika: "Kutembea mita 48 kwa dakika, dakika 10, siku tatu kwa wiki, pumzi Borg 4 hadi 6, simama oksijeni ikishuka chini ya 88, maumivu ya kifua au kizunguzungu, kifuko cha kilo 2, kunyoosha goti mara 10, seti mbili kila mguu, pandisha dakika hadi 15 baada ya vipindi vitatu bila kuvuka 6."

Wiki ya nne mpe karatasi tatu kutoka kwenye daftari lenu, majina yakiwa yamefichwa. Kwenye ya kwanza mgonjwa ameongeza mita 45 lakini alama za CAT, dodoso la dalili ambalo alama zikishuka ndiyo nafuu, hazikusogea. Aseme atamuuliza nini. Kwenye ya pili mita hazikusogea, CAT imeshuka alama 5, na dozi ya wiki ya nane ni ile ile ya wiki ya kwanza. Aone kwamba programu haikupandishwa, asimlaumu mgonjwa. Kwenye ya tatu mgonjwa ametoka mita 310 hadi 348, mwanzoni alipimwa mara moja, mwishoni mara mbili. Anayejibu kwamba ameongeza mita 38 zenye maana, mrudishe koridoni. Jibu ni kwamba kwa vipimo hivyo haiwezekani kusema, na mgonjwa aulizwe kuhusu ngazi zake na sijida yake.